Mshono wa Chini ya Kwapa

Nguo yangu nikishaishona, igeuze. Majivuno ninayo, sioni haya kuyasema. Mafundi wengi hapa Gitega, Burundi, watakuonyesha nguo kwa mbele: mabega yamekaa, kola imesimama, unalipa unaondoka. Ukifika nyumbani ukaigeuza, mama yangu! Nyuzi zinaning'inia, kingo zimeliwa, bitana imeshikizwa kwa kuombea Mungu. Mimi nguo yangu ukikosea ukaivaa nje ndani, hakuna atakayekusimamisha njiani.

Wasichana wanaokuja kujifunza kwangu hapa mtaa wa Magarama, wengine wametoka Ryansoro wakapata pa kulala kwa ndugu zao mjini, siku ya kwanza wanakimbilia cherehani. Nawaambia cherehani iacheni, haikimbii. Chukua sindano ya mkono. Wananuna. Wanataka kukanyaga pedali wasikike barabarani. Nawaacha wanune, halafu nawapa kipande cha sabuni kilichobaki kuogea, kimekuwa chembamba kama ukucha. Hiyo ndiyo chaki. Chaki ya dukani huacha alama, ukifua haitoki, mwenye nguo anakuja kukutukania mlangoni. Sabuni ikiguswa na maji imekwisha, hakuna kesi.

Na ule mto mdogo wa kuchomekea sindano, usiujaze pamba. Jaza nywele. Nywele za kichwani, zile zinazobaki kwenye kitana. Zina mafuta, sindano haipati kutu hata mvua za Aprili zikae juu yetu wiki nzima. Msichana mmoja aliposikia hivyo akasema ni uchawi. Nikamwambia basi mimi ni mchawi mwenye sindano safi, na wewe ni mlokole mwenye sindano za kutu, tuone wateja watakwenda kwa nani.

Haya yote sikuyasoma popote. Nilifundishwa na mama, kule Tanzania, nje ya nyumba yetu ya udongo. Mama alikimbizwa kutoka Muyinga, huku Burundi, akiwa mgongoni mwa bibi, na mimi nilizaliwa kule kule. Yeye hakuwahi kuwa na cherehani kwa muda mrefu wa maisha yake. Alikuwa na sindano, na pindo lake lilikuwa likijulikana. Akinamama walikuwa wanaleta doti zao za kanga awapindie. Msomaji wa upande huu huenda hajui: kanga kule huuzwa mbili mbili zikiwa zimeshikana, ndiyo doti. Ukiinunua unaikunja katikati, unakata, unapinda ncha, unapata moja ya kiunoni na moja ya mabegani. Mtoto wa kike akikabidhiwa doti ya kukata, ameshaaminiwa. Mimi nilikabidhiwa mapema, na kaka zangu walichukia kwa sababu nilivimba kichwa siku nyingi.

Amani ilipokuja, tukarudi. Ndani ya lori kila mtu alishika alichokiona cha maana. Mama alishika kuku. Mimi nilishika kichwa cha cherehani ya mkono tuliyokuja kuipata mwishoni, nimekifunga kwa kanga, nimekipakata kama mtoto mchanga. Mwanamume mmoja aliniambia nikiweke chini, kitaniumiza mapaja. Nikamwambia mapaja ni yangu.

Kule Muyinga, kwenye kilima cha babu, hawakutupokea vibaya. Walitupa maharage ya mbegu, walitusaidia kuezeka. Lakini jina letu lilikuwa limekwisha kuchaguliwa: sisi ni Watanzania. Ukiomba kijiko, Mtanzania anaomba kijiko. Ukipiga chafya, Mtanzania amepiga chafya. Mimi lilinichekesha. Mama lilimchoma.

Kisha ikaja harusi ya jirani, ya kwanza tangu turudi. Mama alivaa kanga zake mpya, amezinyoosha kwa pasi ya mkaa hadi zimekaa kama karatasi. Wanawake walipoinuka kucheza, naye akainuka. Mama anajua kucheza. Bibi alimfundisha kuinua mikono ile ya pembe za ng'ombe, na shingo, na kukanyaga chini taratibu. Akacheza. Wanawake wawili watatu waliokaa kwenye benchi wakaziba midomo kwa viganja. Mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Tazama Mtanzania anacheza na kanga za jikoni."

Mama alimaliza ule wimbo, akaketi. Tangu siku hiyo, ukimwalika harusini anakuja, lakini anapita nyuma moja kwa moja kwa wapishi. Anamenya ndizi. Akiulizwa kwa nini hachezi anasema goti. Goti lake zima kabisa, lilikuwa linapanda kile kilima na ndoo ya maji kichwani kila siku! Nilikuwa nikikasirika mpaka nasikia masikio yanapiga kelele, na la kufanya sina.

Mimi nikaja Gitega. Kilimani watu hushona nguo Krismasi na Pasaka, fundi atakula nini katikati? Hapa Magarama nikapata baraza mbele ya duka la mama mmoja Mwislamu, familia yao ni watu wa biashara tangu zamani, anauza vitambaa, mashuka na kofia. Siku ya kwanza alinipa shuka lililochanika akasema, "Bon, shona tuone. Mi sipangishi mutu, napangisha mukono." Nikashona. Akalishika, akaligeuza, akalitazama kwenye jua. Akaniletea stuli.

Mdogo wangu wa kike akanifuata kunisaidia, na hapo ndipo kijana mmoja seremala wa mtaa wa Yoba alipoanza kuleta suruali za kupunguza. Kila wiki suruali. Nikamwambia mdogo wangu, huyu ama ananyauka ama anakupenda. Mambo yakaenda, wazee wakakutana, mahari ikatolewa, siku ikapangwa. Kijana alilelewa na shangazi yake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Huyo shangazi akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alikwenda Bujumbura akanunua kitambaa cha imvutano, cha namna moja, chake yeye na cha mama yangu. Imvutano ndiyo vazi la heshima la wanawake wa nchi hii: kitambaa kimoja kinazungushwa mwilini, na kingine kirefu, chepesi kinachoteleza kama maji, kinapita juu na kufungwa fundo begani. Kile cha juu hakikatwi. Uzuri wake wote ni kwamba kimeshuka kizima kutoka begani bila kuguswa. Vya mama akavituma Muyinga kwa basi, na salamu: mwambieni bamwana wangu tutavaa sawa. Bamwana ndivyo wazazi wa bibi harusi na wa bwana harusi wanavyoitana.

Mama akanipigia simu kutoka kilimani kwa simu ya jirani. Alikuwa anacheka na kulia. "Wamenipa vazi la kwetu," alisema. "Mwanangu, wamenipa la kwetu." Nilijua hapo hapo kwamba harusi ile haikuwa ya mdogo wangu peke yake.

Alhamisi mchana, mama akashuka basi la Muyinga, furushi kifuani. Harusi ni Jumamosi. Hakutaka hata maji. Aliketi kwenye stuli yangu, akafungua, akaninyooshea ukingo wa kitambaa, rangi ya zambarau na viua vidogo vyeupe.

"Tazama pindo kwanza," akasema.

Nikatazama. Pindo lilikuwa kama la enzi zake zote, mishono huioni mpaka uitafute kwa ukucha. Nikaanza kukikunjua nikione kizima. Kikaisha mapema. Nikavuta kipande cha pili kutoka kwenye furushi. Kile cha pili nacho kilikuwa na pindo.

Alikuwa amekikata katikati. Alipokea kitambaa kirefu, akakikunja, akaona ncha zinalingana, akajua ni doti. Moja ya kiunoni, moja ya mabegani. Kile kipande cha kuzungushia mwili alidhani ni cha kushonea blauzi.

"Mbona umenyamaza? Limekwenda upande?"

"Pindo halijaenda upande, mama."

"Sasa?"

Nikamweleza. Nilijaribu kusema polepole, lakini hakuna namna ya polepole ya kusema jambo kama lile. Mama alikitazama kitambaa mapajani mwake, akakipapasa kidogo, halafu akaanza kukikunja upya, vizuri, kona kwa kona.

"Basi nitavaa kanga zangu," akasema. "Nitasimama kule nyuma na wapishi. Nani ataniona?"

Hapo nikawaka. "Na wapishi? Mtoto umembeba wewe, ukamzaa wewe, halafu siku yake usimame na masufuria? Hata! Labda mimi niwe nimekufa."

"Usinipigie kelele, mimi ni mama yako."

"Ndiyo maana nakupigia!"

Mama mwenye duka akatoka kusikia kulikoni. Tulipomwonyesha, alishika kiuno. Nikamuuliza kama soko la Gitega lina kitambaa kama hicho. Akatikisa kichwa: "Oya. Iyi ni ya Bujumbura, na mi najua ilikwisha. Na shangazi atavaa ya kwake kando yake, rangi ikiachana kidogo tu, kila mutu ataona." Kisha akaingia ndani akarudi na shuka, akamfunga mama pale pale barazani, wapita njia wanatazama. Akalipitisha chini ya mkono wa kulia, ncha mbili akazipandisha bega la kushoto, akafunga fundo. Halafu akabana mahali chini ya kwapa la kulia. "Katikati ya kitambaa inakuja hapa. We unaona? Ukishona, mukono utafunika."

Kweli bwana! Katikati, pale pale mama alipokata, panaangukia chini ya kwapa. Mtu akishusha mkono, hakuna anayejua. Nikamgeukia mama: "Utaweza kushusha mkono siku nzima?"

"Kwani nitauinua kufanya nini?" akajibu. Jibu lile liliniuma kuliko kitambaa chenyewe.

Sasa nitawaambia nilivyofanya, kwa sababu wasichana huniuliza na sipendi ujuzi ufe nami. Kitambaa kinachoteleza hakishonwi kwa taa. Kinashonwa kwa mwanga wa asubuhi, umeketi ubavu kwa mlango, usiupe jua mgongo wala uso. Ijumaa nilifungua baraza mapema na sikupokea mteja. Kwanza nikafumua pindo za mama upande ule uliokatwa. Nilijisikia vibaya kufumua kazi nzuri vile. Palipotoboka kwa sindano pakabaki vitundu, basi nikazikata kingo hizo, vijiutepe vyembamba viwili, ila sikuvitupa. Hapo ndipo penye siri. Uzi wa dukani, hata wa rangi ile ile, unang'aa tofauti. Ukisimama juani utauona unakuambia nipo hapa. Uzi usioonekana ni ule uliotoka kwenye kitambaa chenyewe. Nikavuta nyuzi kutoka kwenye vile vijiutepe, mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano. Ni dhaifu, zinakatika ukizitazama vibaya. Unazipitisha kwenye nta ya mshumaa, mara moja tu, halafu unazivuta kati ya vidole mpaka zipate joto. Na usitumie mrefu. Uzi mrefu ni wa mvivu asiyetaka kutunga sindano tena.

Pili, karatasi. Ukijaribu kushika vipande viwili vya namna ile mkononi, kimoja kitakimbia. Unavishikiza juu ya karatasi ngumu, unashona juu yake, ukimaliza unaichana karatasi taratibu inatoka. Lakini isiwe gazeti! Gazeti lina wino, kitambaa cheupe au chenye maua meupe kitakuja kusomwa kanisani. Mimi nilitumia karatasi ya kufungia mikate, safi, nimeikung'uta.

Nikashona mara mbili, kwanza upande wa nje, kisha nikageuza na kufungia ukingo ndani, ili nyuma na mbele pafanane. Mama aliketi karibu yangu akinitungia sindano. Katikati ya kazi alisema, "Mishono yako ni midogo kuliko yangu." Nikasema ni sawa tu. Akasema, "Sikukuuliza. Nakuambia." Niliendelea kushona huku nimevimba kichwa kama yule mtoto wa doti, na umri wangu wote.

Mwisho pasi. Pasi ya mkaa usiiguse kwenye kitambaa kabla ya kuipitisha kwenye jani bichi la mgomba. Inajisafisha na kulainika, masizi yanabaki kwenye jani. Na juu ya kitambaa weka kingine chenye unyevu. Nilipoondoa, mama mwenye duka akaja, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Akatafuta. Akageuza. Akasema, "Ehe," akarudi kwenye mashuka yake.

Jumamosi kule Yoba nilimfunga mama mwenyewe. Fundo bega la kushoto, kulia kumeanguka vizuri. Akatoka nje, na shangazi akamwona, wamevaa sawa, zambarau na zambarau. "Bamwana!" alipiga ukelele ule wa ng'ambo ya bonde, wakakumbatiana. Mama alimkumbatia kwa mkono mmoja. Wa kulia ulikuwa umebanwa ubavuni kama amebeba kipimajoto. Kanisani hivyo hivyo. Kwenye chakula alikula kiwiko hakijaachana na mbavu, na mimi chakula hakinipiti, macho yangu yako kwapani mwa mama yangu.

Ngoma ikaanza. Wanawake wakainuka, upande wao na upande wetu, wakaanza kuimba. Mama akabaki kitini, mgongo umenyooka. Nikajua goti linakuja. Shangazi akatoka katikati ya wachezaji akamjia moja kwa moja.

"Bamwana, simama! We unakaa namna gani, na mutoto ni wako?"

"Goti," mama akasema.

"Goti iko wapi? Nimekuona ukipanda ngazi za kanisa!" Akamshika mkono. Wa kulia. Akauvuta juu.

Mimi nilisimama bila kujua nimesimama. Mkono wa mama ulikwenda juu kabisa, na jua la saa tisa likaingia pale pale chini ya kwapa, mbele ya watu wote wa Yoba. Na nilivyokuwa nimekodoa macho, mimi niliyeushona, sikuuona mshono. Niliutafuta. Niliona viua vyeupe, na viua vyeupe.

Mama akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akainua na mkono wa pili. Akacheza kama bibi alivyomfundisha, pembe za ng'ombe, shingo, mguu chini taratibu, na wale waliokaa wakaanza kupiga makofi kumfuatisha. Nililia. Nasema wazi, nililia na poda yote ikaharibika.

Wimbo ulipokatika, nikafikiri sasa atakuja kuketi salama, tumepona. Wapi! Mama, na pumzi juu juu, akamshika shangazi bega na kusema kwa Kirundi, kwa sauti ambayo sikujua anayo, kwamba kitambaa alicholetewa alikikata katikati kama doti ya kanga, kwa sababu amekulia Tanzania na huko vitambaa vyote vinakatwa. Alisema hivyo hivyo. Mbele ya benchi zima! Vidole vyangu vimechubuka kuificha siri yake, na yeye anaitangaza kama amepata mjukuu.

Kisha shangazi akacheka mpaka akainama, na wote wakacheka, na mama alicheka kuliko wote.

"Haiwezekani," shangazi akasema akijifuta macho. "Umekata wapi? Mi sioni."

"Tafuteni," mama akasema, akauinua mkono wa kulia juu zaidi. "Ameshona mwanangu yule pale. Tafuteni!"

Wakaja, wanawake wa Yoba, mmoja mmoja na wawili wawili, wakiinamisha vichwa chini ya mkono wa mama yangu. Hakuna aliyeuona. Wimbo mwingine ukaanza, naye hakuushusha.